Mtani Kachukua Maka Yangu

Watu wanastaafu kwa umri, wengine kwa mgongo, wengine wanastaafishwa. Mimi nimestaafu kwa wivu. Nina miaka thelathini na kitu, meno yote yapo, na hapa Soga nikisema mimi ni mstaafu wananiuliza wa jeshi gani. Nawajibu jeshi la rangi. Wanaondoka bila kuaga.

Nyie wadogo zangu mliobaki kwenye benchi la matengenezo ndio mlioniomba niandike ya kazini, basi nimeandika. Shule niliishia la saba, kwa hiyo nukta zikipotea mzitafute wenyewe. Nani alipanda cheo na nani alilipwa vipi siandiki, hayo mnayasengenya vizuri kuliko mimi. Naandika ya mikono.

Kwa ambaye hajafika pale kwetu: uwanja uko porini upande wa Kisarawe, ukishapita Vihingo. Wanakuja watu wa maofisini, wengine Dar, wengine Kibaha, wanavaa ovaroli na maski, wanajificha nyuma ya matairi na kurushiana vidonge vya rangi. Ukipasukiwa na kidonge unatoka nje ya mchezo, unakaa kivulini unawalaumu wenzio. Kinachorusha hivyo vidonge kinaitwa maka. Umbo lake ni la bunduki, lakini Bosi alitukataza kuiita hivyo, kwa sababu kijijini ukilitamka hilo neno kwa sauti mwenyekiti wa kitongoji anafika na watu wake kabla hujamaliza sentensi.

Siku ya kwanza mimi nilienda kufyeka majani. Nilikuwa na panga langu na akili zangu za kijana wa Vihingo, yaani nilikuwa na panga langu. Mchana nikaenda kwenye banda kuomba maji, nikamkuta mama mmoja kajifunga khanga kiunoni, kaitandaza maka yote mezani vipande vipande kama samaki wa kupaa. Huyo ndiye Mama Zuhura. Wenyeji wa Kisarawe wanamjua toka zamani kama fundi wa kutengeneza vyerehani. Bosi alimchukua kwa sababu alikuwa jirani na alikuwa na bisibisi ndogo ndogo, basi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniambia nimshikie hiyo nyingine. Nikaishika, na kidole nikakipeleka kwenye traiga, pale pa kufyatulia, kama mnavyofanya nyote siku ya kwanza. Akanichapa na kitambaa cha rangi. Akasema, "We mtoto, nyumba ya watu unaingia bila hodi?"

Hiyo hodi ndiyo kazi yenyewe, mengine yote ni mapambo. Maka usiifungue hivi hivi. Maski iko usoni, mtutu umevishwa soksi yake ya kuzuia kidonge na unaangalia chini. Unatoa vidonge vyote, hata kile kimoja kilichojificha kooni. Unafunga hewa ya mtungi, ule unaoipa maka nguvu. Halafu unaifyatulia chini mpaka hewa iliyobaki ndani iishe, isikike haina pumzi tena. Hapo ndio umepiga hodi na umekaribishwa. Asiyepiga hodi siku moja atarushiwa springi usoni, na springi haina cha pole wala samahani.

Nikaacha panga. Hakuna aliyenihamisha rasmi, ila siku nikitakiwa kufyeka nilikuwa naonekana bandani, mpaka Bosi akazoea.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana ndilo mnaloulizwa na kila mgeni. Bosi alileta mfuko wa maka zilizotumika, akasema watu wa benchi kila mmoja achague moja iwe yake mwenyewe. Wakati huo benchi ilikuwa mimi na Mama Zuhura. Mama Zuhura akasema yeye ana cherehani, inamtosha. Kwa hiyo mfuko mzima ukawa wangu kuchagua. Jamani, kulikuwa na moja ya bluu, ya umeme, ukiibonyeza inawaka vitaa kama harusi ya Kibaha. Nilishaishika kifuani. Mama Zuhura akaniangalia kama anavyoangaliwa kijana anayetaka kuoa kwenye sherehe ya kwanza aliyohudhuria. Akauliza betri zake nitazitoa wapi, na ikilowa masika nitaifungua na nini. Nikairudisha kwenye mfuko. Akasema, "Vaa maski kwanza, ndio uchague."

Hapo ndipo nilipojifunza. Maka uliyoipenda ukiwa uso mtupu, ukivaa maski inagoma kukaa shavuni, huoni hata mbele ya mtutu. Kwa hiyo vaa maski. Halafu nyoosha mkono nayo, kaa hivyo hivyo, piga stori na mtu mpaka mkono wenyewe uongee. Mkono ukisema umechoka, hiyo siyo yako hata kama ni nzuri. Halafu uliza raba zake. Ndani ya maka kuna raba za duara ndogo ndogo zinazozuia hewa isivuje; kama raba zake hazipatikani, unanunua pambo la ukutani. Mwisho ifungue. Ikiwa na vipande vingi kuliko unavyoweza kukumbuka kuvirudisha, muachie aliyetangulia. Na kama hujawahi kucheza kabisa, usinunue yoyote. Kodi ya uwanjani mara kadhaa, ujue kwanza kama ni mchezo unaoupenda au ni picha za kuweka kwenye simu.

Nikaishia na moja isiyo na umeme, rangi imebanduka, mbaya kama dhambi. Lakini ilikaa shavuni na mkononi kama nimezaliwa nayo. Nikaipa jina Mkwe. Kwa sababu unaingia kwake kwa hodi, hupandishi sauti, na ukimkosea heshima anakutemea mbele za watu.

Nilimtunza Mkwe jamani. Kila tukimaliza mchezo, kitambaa chenye unyevu kidogo, mswaki wa zamani kwenye kona, mtutu unapitishwa kitambaa mpaka kitoke cheupe. Matone machache ya mafuta yake, yale yake, siyo mafuta mengine. Halafu msumarini kivulini, bila mtungi.

Nasema mafuta yake kwa sababu ya mhasibu mmoja wa Kibaha ambaye ndugu yake alimletea maka kutoka safari. Akaja nayo inavuja hewa kila upande, inalia kama kuku anayetaga. Mama Zuhura akaifungua, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa inanuka chipsi. Na sisimizi wamo, wamejipanga wanaingia na kutoka kama wapangaji. Mhasibu wa watu akaeleza kwamba aliona imekauka, akaitia mafuta ya alizeti, na ilipokwama akaipulizia ile dawa ya kulainisha kutu. Mama Zuhura akamuuliza kwa heshima zote, "Baba, uliikaanga?" Ile dawa ya kutu inakula raba. Tulibadilisha zote. Na vidonge vyake alikuwa anavianika dirishani visipate unyevu, vikashikana vikawa bonge moja kama ubuyu. Vidonge viweke pakavu, pasipo na jua. Na mbali na kuku. Kuku wa pale jirani walishawahi kula vyetu, wakatembea kijiji kizima wana midomo ya njano.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yangu mizuri. Halafu akaja Maganga, kaletwa na Bosi kufanya kazi nasi.

Maganga katokea Kibaha, lakini asili yao Tabora. Mrefu, mikono mipana kama sinia, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alivyofika bandani akamwamkia Mama Zuhura, akaniuliza mimi kabila gani. Nikamwambia Mzaramo wa hapa hapa. Akajipiga paja akasema yeye Mnyamwezi, kumbe tumefika nyumbani. Mnajua wenyewe: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Nami sikulala. Nikamwambia babu zake walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, walipofika wakasahau njia ya kurudi, yeye kafuata nini? Akajibu kwamba kaja kuwaamsha Wazaramo, waliwaacha wamelala wakisubiri ngoma ianze, anaona bado hawajaamka. Mama Zuhura alicheka mpaka bisibisi ikaanguka.

Maganga akainuka, akaenda ukutani, akapita maka zote za kazini, akamtoa Mkwe msumarini. Nikamwambia hiyo siyo ya wateja, ni yangu mwenyewe.

"Basi nimechagua vizuri," akasema. "Cha mtani hakina mwenyewe."

Hapo nieleze kwa wenye makabila yasiyo na raha. Mtani akikuchukulia kitu chako, hujaibiwa. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, watakucheka mpaka wajukuu. Unachoweza kufanya ni kuchukua cha kwake. Nikamwangalia Mama Zuhura, Mzaramo mwenzangu, anitetee. Akasema sheria ni sheria, nami nichukue cha Maganga. Nikatafuta. Maganga alikuwa na kandambili tu. Nikachukua kandambili. Nilikuwa natembea nazo kama bata, na yeye anaingia uwanjani pekupeku na Mkwe wangu mkononi, anafurahi.

Nikasema atachoka mwenyewe. Masihara ya siku moja. Hakuchoka. Ilivyokuja masika bado iko kwake. Kilichoniuma hasa siyo kwamba alimchukua. Kilichoniuma ni kwamba Mkwe alimpenda. Kwangu alikuwa anapiga vizuri. Kwa Maganga alikuwa anapiga pale pale, kidonge juu ya kidonge, kwenye tairi lile la mbali mpaka tairi likabadilika rangi. Wateja wakasimama kuangalia. Wakaanza kuulizia yule kaka mrefu yuko wapi. Mimi nikisogea na mashine ya kupimia kasi ya vidonge, wananipa maovaroli machafu.

Alikuja mwalimu mmoja wa Kibaha, mwalimu Eliwaza, mama mtaratibu, kaamua anataka maka yake ya kwanza. Nikamkalisha kivulini, nikamfundisha yote: maski kwanza, mkono uongee, raba zinapatikana, vipande vichache. Nilijitahidi, hata utani niliweka pembeni. Akaitikia vizuri, akasema asante. Halafu nikamwona anaenda kwa Maganga kumuuliza yale yale. Na Maganga akamjibu nini? Maneno yangu. Neno kwa neno, aliyasikia kwangu benchini. Mpaka "mkono wenyewe uongee" akaliweka. Mwalimu akarudi anang'aa, akaniambia, "Yule kijana anajua kueleza. Muwe mnamsikiliza."

Nikasema sawa mwalimu. Nikaenda nyuma ya banda nikakaa na ndoo.

Mke wangu Asha nikimweleza haya ananiambia nimkaripie Maganga basi, yaishe. Asha kwao Uchagani, hawezi kuelewa. Nimkaripie mtani kwa kunitania? Bora nihame wilaya.

Halafu Maganga akapata likizo, akaenda Tabora kuona wazazi. Akamtundika Mkwe msumarini, akaondoka. Hivyo tu, mbele yangu, hakumficha. Siku ile ile nikamtoa. Nikapiga hodi zote, nikamfungua mezani. Sitawadanganya, nilikuwa natafuta uchafu. Rangi iliyogandia, raba iliyokatika, mchanga hata punje moja, nipate cha kusema. Niliangalia kila kipande na tochi ya simu. Mama Zuhura alikuwa pembeni anakunywa chai, ananitazama. Mwisho akauliza, "Umekuta uchafu?"

"Hamna."

"Pole, mwanangu."

Raba zote zilikuwa mpya. Mimi nilikuwa nasubiri ivuje ndio nabadilisha. Yeye alikuwa anabadilisha kabla haijachoka, za zamani kaziweka kwenye kopo, moja moja kazifuta vumbi. Hilo nalo liandikeni kichwani: raba haibadilishwi ikishakufa, inabadilishwa ikiwa bado inasema haiumwi. Nililijua siku ile kutoka kwa mtu asiyekuwepo, na nikamchukia zaidi.

Nikamrudishia vipande, nikajaza hewa, nikaenda kupiga lile tairi. Kidonge kikaenda kushoto. Cha pili kushoto. Nikapima kasi, kasi iko sawa. Ndipo nikaangalia mshikio. Maganga aliuzungushia mpira wa baiskeli, kaukata kwa wembe, kila kidole kina bonde lake. Vidole vyake siyo vyangu. Kidole changu cha kati kilikuwa kinaelea kwenye bonde la mtu kama mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Ningeweza kuubandua ule mpira, wembe ulikuwepo. Nilikaa naye magotini pale kwenye matairi muda mrefu. Halafu nikamrudisha msumarini, na Maganga aliporudi na karanga zake za Tabora nikala karanga, nikamwambia zina mchanga.

Lakini nilishamaliza. Asha alikuwa amepata sehemu ya kuuza chakula Soga, karibu na stesheni ya treni mpya, anahitaji mtu wa kubeba maji na kugombana na mkaa. Watu niliwaambia nastaafu kwa ajili hiyo. Na ni kweli. Ila mtu anaweza kuwa na sababu ya kusema na sababu ya kuondokea.

Siku ya kuniaga Mama Zuhura alipika pilau. Bosi akaongea, akalikosea jina langu, akakaa. Halafu Maganga akatoka nyuma ya banda. Kavaa ovaroli langu, limemfika magotini. Kavaa maski yangu. Na sisi wote tulijua anafanya nini, kwa sababu msibani ndivyo mtani anavyofanya: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, watu wanalia huku wanacheka. Alinizika nikiwa nimeshika sahani.

Akakaa benchini akamfungua Mkwe. Alivyokunja mdomo, ni mimi. Alivyoinamisha sikio kusikiliza hewa, ni mimi. Anavuta kitambaa kwenye mtutu, anakiangalia, anatikisa kichwa kama kimemtukana, anavuta tena. Sikujua kama natikisa kichwa. Asha aliyekuja kunichukua alikaa chini kwa kucheka, anasema mume wangu huyo. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona wivu hata hapo. Alikuwa ananifanya vizuri kuliko mimi.

Tukaaga. Tukapanda bodaboda, Asha nyuma na sufuria. Maganga akakimbia mbele, akajilaza katikati ya njia kwenye vumbi, Mkwe kifuani. Dereva akasimama.

"Marehemu hapiti bure," Maganga akasema.

Nikamuuliza nimpe nini tena na kila kitu changu kakivaa. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akainua maski.

"Nipe Mkwe."

"Si unaye?"

"Ninaye. Hujanipa." Akamfuta vumbi kwa kiganja. "Kila nikimsafisha nasafisha mali ya mtu. Likizo nimekaa Tabora nawaza huyu Mzaramo kashamchukua. Sema tu umenipa, nikuachie njia."

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Cha utani hakijatolewa, kimechukuliwa tu. Siku yoyote mwenyewe anaweza kuja akakinyakua akicheka, na aliyekuwa nacho hana la kusema. Kumbe muda wote huo niliokuwa nakalia ndoo nyuma ya banda, na yeye alikuwa analala jicho moja wazi.

Mama Zuhura akasema kwa upole, "Mpe mwenzio, mwanangu. Mkono wake umeshazoea."

Nikamwangalia Mkwe. Nikaangalia yale mabonde ya vidole. Ni kweli, mkono umeshazoea, na mimi nilikuwa naenda kubeba maji Soga. Mtu mwema angempa. Asha akanisukuma mgongoni nimpe.

"Sikupi," nikasema. "Endelea kuiba."

Maganga akanitazama kutoka pale chini. Halafu cheko likaanza tumboni, likampanda mabegani, akacheka mpaka akajiviringisha mwenyewe kwenye majani, njia ikawa wazi.

"Haya," akasema. "Basi nitaiba vizuri."

Bodaboda ikapita. Kwa hiyo mgeni akifika hapo bandani akauliza ile maka mbaya yenye mpira wa baiskeli ni ya nani, msimwambie ni ya Maganga. Mwambieni ni ya mstaafu mmoja wa Soga. Na mkimwona Maganga kaiweka juani, nipigieni simu.